Siku Tuliyoomba Damu Isishikane

Nilipostaafu, vijana wa maabara walinipa doti mbili za kanga, keki ambayo jina langu lilikuwa limekosewa, na ombi moja: niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Vyeo nitaviacha, kwa kuwa vilikuwa vichache. Mshahara nao mnaujua, maana ndio huohuo mnaoupokea. Nitaandika kuhusu damu na kuhusu sukari zilizo juu yake, kwa sababu ndicho kitu nilichokielewa vizuri kuliko vyote, na hata hicho kilinichukua miaka.

Siku yangu ya kwanza nilitoka kwetu Gazi nimevaa koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi ya mkaa hadi likasimama lenyewe. Nilidhani nitashika hadubini. Mzee Mwakio, Mtaita aliyekuwa mkuu wa benki ya damu katika hospitali yetu ya huku Msambweni, aliliangalia lile koti, akaliangalia sinki, akanikabidhi beseni la mirija ya kioo. Niliiosha. Akauchukua mmoja, akaunusa, akanirudishia yote.

"Ina sabuni," alisema. "Mrija wenye sabuni ni shahidi wa uongo. Rudia."

Nilirudia siku nzima na nilirudi nyumbani nikiwa nimechukia Wataita wote. Baadaye, aliponiruhusu kugusa damu, alinifundisha kwanza kuutikisa mrija. Mimi niliutikisa kama ninayepepeta mchele. Akaniambia polepole, "Huyo ni mtoto amelala, mwanangu. Unamgeuza upande bila kumwamsha." Ukiutikisa kwa nguvu, seli zilizoshikana kwa udhaifu zinaachana, nawe unaandika kwamba hakuna kitu, kumbe kilikuwapo. Ninyi mna mashine zinazosoma zenyewe siku hizi, lakini umeme wa huku mnaujua, kwa hiyo jifunzeni kugeuza mtoto.

Niseme sukari hizo ni zipi, kwa faida ya aliyesahau darasa. Kila seli nyekundu imevaa minyororo midogo ya sukari. Watu karibu wote duniani wana mnyororo unaoishia na sukari iitwayo fukosi, na ncha hiyo tunaiita H. Mtu wa kundi A ameongezewa sukari moja juu ya hapo, mtu wa B ameongezewa nyingine inayofanana nayo sana, na mtu wa AB anazo zote mbili. Mtu wa O hakuongezewa chochote. Chuoni tulizoea kusema kwamba O hana kitu, na nilipolitamka hilo mbele ya Mzee Mwakio alikasirika kana kwamba nimemtukana shemeji yake.

"O ana H," alisema. "Usimwite mtu maskini na hujamkagua mifuko."

Naye alinionyesha jinsi ya kukagua. Siku hizo dawa za kupimia zilikuwa zikichelewa kufika, hivyo nyingine alizitengeneza mwenyewe. Alinunua kwa Wahindi mjini Mombasa kunde ndogo za rangi ya udongo, wenyewe huziita kulthi, akazitwanga, akaziloweka katika maji ya chumvi ndani ya friji, kisha akachuja. Mpishi wa hospitali alipoona tunachuja maji ya kunde aliuliza kama bajeti yake ya mchuzi imehamia maabara. Maji hayo Mzee aliyazimua na kuyajaribu tena na tena mpaka yakawa yanazishika seli za A zenye sukari nyingi na kuziacha nyingine. Nilishangaa sana. Kunde iliyomea shambani, haijawahi kuona damu, inajuaje huyu ni A?

Haijui. Ndani ya mbegu mna protini, na usoni mwa protini hiyo mna kishimo kidogo. Ncha ya sukari ya namna yake ikifika inakaa humo ikatulia. Nyingine ikija inateleza. Mshiko wenyewe ni dhaifu, unashika na kuachia, unashika na kuachia. Ila protini moja ina vishimo zaidi ya kimoja, na seli moja ina ncha za sukari nyingi mno, kwa hiyo mishiko dhaifu ikiwa mingi kwa pamoja, seli hii inavutwa kwenye ile, hadi unaona vidonge vyekundu kwa macho yako bila hadubini. Sisi binadamu tuna protini za namna hiyo pia, zinakagua sukari za vijidudu na za seli zetu wenyewe. Mzee Mwakio alipenda kusema kwamba kila kiumbe kinapapasa wenzake gizani.

Elimu hiyo ya kunde iliwahi kunisaidia kuwapatanisha watu wa Ukunda. Palikuwa na harusi karibu na Kona ya Musa, gesi ikawaishia maharagwe yakiwa nusu kuiva, nao wakayapakua hivyohivyo kwa sababu maulidi ilikuwa imekwisha na wageni wana njaa. Usiku ule walitapika upande wa bwana harusi wote. Asubuhi pande mbili zikaja hospitali zikitupiana maneno ya sumu na uchawi, na mama wa bibi harusi alikuwa akilia kwa aibu. Vipimo vya vijidudu havikuonyesha kitu. Nikaomba kiganja cha maharagwe mabichi, nikayasaga, nikatia tone la maji yake juu ya tone la damu yangu kwenye kigae cheupe. Damu ikashikana palepale mabonge mabonge.

"Haya ndiyo yaliyoshika matumbo yenu," nikawaambia. "Yakichemshwa sawasawa yanakufa. Hakuna aliyemloga mtu."

Shangazi mmoja alisema bado ana wasiwasi na yule bibi harusi, lakini kwa sauti ya chini. Ndoa ile ipo mpaka leo.

Sasa nifike kwa Saumu, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu. Haikuwa zamani. Mzee Mwakio alikwisha kutangulia mbele ya haki, nami ndiye niliyekuwa mkubwa wa benki ya damu, nikifanya kazi na Wanjiru, binti mkakamavu aliyetoka bara na Kiswahili chake cha kwao. Saumu alikuwa na mimba ya mwisho mwisho na kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Alikuwa akivuja damu kidogo kidogo. Daktari wetu wa uzazi alisema lazima apasuliwe, na kwamba hatashika kisu mpaka aone damu ya kumwongezea iko tayari, kwa sababu mwanamke wa namna hiyo anaweza kumalizika mezani.

Wanjiru alipima, akanijia na uso mkunjufu. "Madam, huyu ni O. Si nimtolee tu mbili kwa friji?"

"Zilinganishe kwanza na damu yake."

Alichanganya plazma ya Saumu, yaani maji ya damu yake bila seli, na seli za mfuko wa kwanza. Zikashikana. Wa pili, zikashikana. Alipofika mwisho wa rafu alikuwa hacheki tena.

"Madam, friji yote imemkataa."

Nikakaa kwenye kiti chake nikaanza upya. Seli za Saumu hazikushikwa na dawa ya A wala ya B, kwa hiyo ni O. Plazma yake ilizishika seli za A na za B, kwa hiyo bado ni O. Lakini ilizishika na za O zote, tena kwa nguvu. Nikachanganya plazma yake na seli zake mwenyewe, na zenyewe zikatulia. Damu yake ilikuwa na amani na yeye tu. Hapo nikaanza kuhisi baridi mgongoni, na haikuwa ya friji.

Tulikuwa na kichupa cha protini inayotokana na mbegu za kichaka cha miba cha huko Ulaya. Kazi yake ni kushika H. Nikatia tone kwenye seli zangu, ambazo ni O ya kawaida, zikaruka kushikana. Nikatia kwenye za Saumu. Hazikufanya lolote. Nikarudia kwa mrija mwingine, nikamwita Wanjiru atazame kwa taa. Seli ziliteremka ukutani mwa mrija laini kama sharubati ya ukwaju.

Saumu hakuwa na H. Katika maisha yangu yote kazini nilikuwa nimelisoma kundi hilo vitabuni tu. Linaitwa kundi la Bombay, kwa kuwa huko ndiko lilikogunduliwa, na huku pwani si ajabu likatokea, maana wazee wetu wengine walikuja na bahari kutoka upande huo. Mwili wa mtu huyo haujawahi kuiona H, basi ukiiona unaipiga vita. Mfuko wowote wa friji yetu ungemuua. Alihitaji damu ya mtu mwenye upungufu kama wake. Nilipiga simu kila benki ya damu niliyoijua, na kote niliambiwa hawana. Palibaki mahali pamoja tu pa kutafuta: kwa ndugu wa kuzaliwa. Baba akiwa ameibeba ile kasoro kimyakimya na mama vilevile, kila mtoto wao ana bahati moja katika nne ya kuwa kama Saumu.

Nje ya wodi walikuwa wamekaa wanawake wawili kwenye benchi moja, wamefanana kama watu waliozeeka nyumba moja. Mmoja alikuwa Bi. Zainabu, mama mzazi wa Saumu. Mwingine Bi. Mwanakombo, wifi yake, yaani shangazi wa Saumu. Walikuwa watu wa kusini kule Vanga.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Anaendeleaje?"

Nikawaeleza kwa lugha nyepesi niwezavyo. Nikamuuliza Bi. Zainabu kama yeye na marehemu mumewe walikuwa na udugu.

"Binamu," alisema. "Babu yetu mmoja."

"Basi niitieni ndugu zake Saumu wote. Wa baba mmoja na mama mmoja."

"Wako watatu, wanaume," akasema Bi. Mwanakombo haraka. "Watakuja."

Walikuja kabla ya adhuhuri, kaka wawili na mdogo wao Hamisi, mvuvi, bado ana chumvi kwenye nywele. Hamisi ndiye aliyekunja mkono wa kanzu kwanza. Kaka mkubwa akatoka A. Wa pili akatoka O ya kawaida, plazma ya Saumu ikamkataa. Hamisi naye O, naye akakataliwa. Nilipotoka kuwaambia, kaka zake wakainamisha vichwa. Yeye akanishika mkono.

"Bi., pima tena. Mimi nikiumwa ni Saumu anayenipikia uji. Haiwezekani damu yangu imdhuru."

"Nimepima mara mbili, mwanangu."

Akasema kwa sauti ya mtu anayeungama: "Labda ni kwa kuwa mimi ni wa kunyonya."

Wanjiru alinitazama, hakuelewa. Ilibidi nimweleze baadaye. Mama yake Hamisi alifariki akimzaa, na Bi. Zainabu, aliyekuwa akimnyonyesha Saumu, akamchukua akamweka ziwa la pili. Kwetu huyo ni ndugu kamili. Hawezi kumwoa Saumu wala binti yake, na nyumbani haitajwi tena alitoka wapi. Walipomhesabu kati ya watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawakusema uongo hata kidogo, kwa hesabu ya nyumba yao. Nikamwambia Hamisi kwamba maziwa yamemfanya awe ndugu, ila sukari za seli hazipiti kwenye maziwa. Akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Kisha akauliza kama damu yake inamfaa mtu mwingine yeyote, na ilimfaa, tukaitoa siku hiyohiyo.

Lakini lile neno lake halikunitoka kichwani. Nyumba hii inahesabu watoto kwa kulea. Kama yuko asiyezaliwa ambaye amehesabiwa, je, hayuko aliyezaliwa ambaye ameachwa nje? Mimi ni mtu wa huku, najua mtoto anavyoweza kupewa shangazi asiyejaliwa, akakua akimwita mama, na adabu ikawa ni kutolitaja jambo hilo kamwe. Nikarudi kwenye benchi nikachuchumaa mbele yao.

"Mama, nisamehe kwa swali hili. Yuko uliyemzaa na marehemu ambaye leo hakuitwa?"

Bi. Zainabu hakumtazama wifi yake, na jinsi alivyojizuia kumtazama ndivyo nilivyojua. Bi. Mwanakombo alikuwa akiukunja na kuukunjua upindo wa buibui lake. Daktari alipita mbio kuelekea wodini. Saumu alikuwa ameanza kuvuja zaidi.

"Riziki ni wangu," Bi. Mwanakombo akasema.

Akauachia ule upindo.

"Ni wangu. Lakini mimi sikumzaa." Akainua uso. "Alipoachishwa ziwa kaka yangu alimleta kwangu mkononi, akasema, nyumba isikae kimya. Tangu siku hiyo wifi yangu huyu hajawahi kulitaja, hata tukigombana. Sasa mkimpima, damu ikasema ni wa Zainabu, mimi nitakuwa nani?"

Nilimpenda mwanamke yule papo hapo, na nilimwonea huruma. Nikamwambia kwamba ninachopima ni sukari iliyo juu ya seli, na kwamba yenyewe haijui ni nani aliyekesha mtoto akiwa na surua.

"Najua," alisema. "Hata hivyo inaogopesha." Kisha akamnyoshea mkono Hamisi. "Nipe simu. Nitamwita mimi. Akisikia kwa mtu mwingine ataumia."

Riziki alikuwa fundi wa nguo Ukunda. Alifika na futi bado imening'inia shingoni. Bi. Mwanakombo alisimama kumpokea, akamshika mabega, akaanza, "Mwanangu, huyu Saumu unayemwita binamu..."

"Ni dada'angu, Mama. Najua."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nina kioo nyumbani, na Saumu nina macho ya kumwona. Niliogopa ukijua kwamba ninajua, utahuzunika."

Sikungoja kusikia yaliyofuata. Nilichukua damu yake nikaingia nayo maabara, mimi na Wanjiru, na mlango tukaufunga. Sikilizeni, wenzangu: maisha yote ya benki ya damu tunatafuta kushikana. Kushikana ndilo jibu letu. Siku ile tulitia lile tone la mbegu za miba kwenye seli za Riziki, tukasimama tunaomba kisitokee kitu, mimi kwa Ayatul Kursi na Wanjiru kwa Baba Yetu. Nikauinua mrija kwenye taa. Nikaugeuza upande, polepole.

Ziliteremka laini.

"Madam," Wanjiru akanong'ona, "hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa!" Na akaanza kulia kama mtoto.

Nilimruhusu kulia, lakini mikono iendelee. Tukalinganisha seli za Riziki na plazma ya Saumu, baridi na kwa joto la mwili, zikatulia. Tukapima maradhi yanayopimwa. Tukatoa mfuko mmoja, maana mtu hatolewi zaidi ya huo. Daktari alitaka miwili. Nikamwambia katika dunia nzima ninayoijua mimi upo huo mmoja, ukiwa bado na joto la mwenyewe. Akautazama, akasema atapasua kwa mkono mwepesi. Wanjiru aliupandisha juu akiwa ameukumbatia kifuani.

Kazi yangu ilikuwa imekwisha na ningeweza kwenda kuosha mirija. Sikuweza. Nilikaa kwenye ukumbi pamoja nao. Riziki tulimlaza kwenye kitanda cha magurudumu kando ya ukuta, tukamkataza kuinuka. Hamisi alikwenda kumletea sharubati, akaiacha kikombeni mkononi mwa Bi. Zainabu, aliyekuwa ameketi karibu zaidi na kitanda. Bi. Mwanakombo alikuwa upande wa pili wa benchi, tasbihi mkononi, midomo yake haitulii. Niliogopa, sikufichi msomaji. Niliogopa kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa, na daktari akatoka ameshusha barakoa.

"Mama mzima," alisema. "Mtoto mzima. Wa kike."

Hamisi alipiga takbiri ukumbi mzima ukageuka. Riziki akasahau tuliyomkataza, akaruka kutoka kitandani, na alipokanyaga sakafu kichwa kikamzunguka. Akaushika ukuta, macho ameyafumba.

"Mama!"

Wanawake wote wawili walisimama. Bi. Zainabu ndiye aliyekuwa karibu, hatua yake moja ingemfikia, na mguu wake ulikwisha kuinuka. Akamtazama wifi yake. Kisha akaketi taratibu, akamnyoshea kile kikombe.

"Mpelekee, wifi," alisema. "Anakuita."